Kiti cha Mwanafunzi Barazani: Kutoka Mlimani 1971 hadi Mkinga

Katika kijiji cha Pangarawe, kata ya Gombero, wilayani Mkinga, Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi yake ya Tanga. Fedha zinatoka katika mradi wa elimu ya juu unaojulikana kwa kifupi chake, HEET, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 425 mwaka 2021. Watu wa mkoa huu wamelingoja jambo hili kwa muda mrefu. Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga mwaka 1892, kabla hawajafungua nyingine yoyote katika koloni lao, na mwaka 1902 wakaanzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, Usambara Mashariki. Pamoja na urithi huo, ukiacha kituo cha Chuo Kikuu Huria, mkoa ulikaa zaidi ya nusu karne ya uhuru bila chuo kikuu cha umma kujenga makao humu.

Mazungumzo yanayoendelea kuhusu kampasi hiyo ni ya ardhi, barabara, maji, ajira za ujenzi, vyumba vya kupanga na biashara za mama lishe. Ni mazungumzo halali, na sina sababu ya kuyabeza. Lakini kuna swali ambalo halijaulizwa kwa sauti, nalo lina historia ndefu na chungu katika nchi hii: majengo yakishakamilika na masomo yakaanza, nani ataketi katika meza ya maamuzi? Mhadhiri na mfanyakazi wa maktaba watakuwa na sauti gani katika mambo ya chuo? Na mwanafunzi je, atakuwa mwanajumuiya, au mteja aliyelipa ada akasubiri huduma?

Lugha yetu ina namna mbili za kulisema jambo hili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Tunasema kushiriki, na tunasema kushirikishwa. Anayeshiriki ni mtendaji. Ana fungu lake katika jambo. Anayeshirikishwa anasubiri mwingine amtendee. Yuko mtu mwenye jambo, naye kwa hisani yake, au kwa shinikizo la kanuni, anamwita. Hati nyingi za taasisi zetu siku hizi zimejaa neno ushirikishwaji. Neno ushiriki limeadimika. Nadhani mabadiliko hayo ya msamiati yanasimulia vizuri zaidi kuliko ripoti nyingi kile kilichotokea katika vyuo vyetu kwa muda wa miaka sitini.

Hata neno baraza lenyewe linastahili kutazamwa. Kwa watu wa Mrima, kuanzia Vanga hadi Pangani na kushuka kusini, baraza ni ile sehemu ya nje ya nyumba, yenye benchi la mawe au udongo, anapoketi mwenye nyumba na jirani na mpita njia, na habari zikapimwa hapo. Chombo cha juu cha chuo kikuu tumekiita Baraza la Chuo. Tulichukua jina la mahali ambapo mlango uko wazi tukakipa chombo ambacho vikao vyake ni vya faragha na wajumbe wake wengi hutoka nje ya chuo chenyewe.

Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mfumo wake wa utawala ulikuwa ule ambao Uingereza iliubuni kwa ajili ya vyuo vya makoloni mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili: Baraza lenye watu wengi wa nje, Seneti ya maprofesa, na mkuu wa chuo katikati yao. Wahadhiri wadogo walikuwa pembeni. Mwanafunzi alihesabiwa kama mtoto anayelelewa, kwa hiyo sauti yake ilikuwa ya kuomba. Makerere, mwaka 1952, mgomo ulioanzia kwenye chakula ulimalizika kwa chuo kufungwa na wanafunzi kadhaa kufukuzwa. Huo ndio mfumo tuliourithi.

Mgongano mkubwa wa kwanza wa Dar es Salaam haukuhusu utawala wa chuo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi, baadhi wakiwa wamevaa majoho, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata wahitimu asilimia 60 ya mishahara yao katika kipindi cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akawarudisha makwao karibu 400. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu liliacha imani mbili zilizoishi muda mrefu. Serikali iliamini kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mbinafsi anayehitaji kufundishwa adabu ya umma. Nao wanafunzi wa kizazi kilichofuata waliazimia kuthibitisha kwamba wanaijua siasa ya ujamaa kuliko wale wanaoihubiri.

Ndipo likaja suala lenyewe. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa kama chuo kamili, Rais akiwa Mkuu wa Chuo, na Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU, akiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Kabla ya mwaka huo kwisha, gazeti la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, Cheche, lilipigwa marufuku pamoja na umoja wao ulioitwa USARF. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi wa Tanzania kujikweza, kutumia mali ovyo, kubeza watu na kuwaonea. Ibara ya 28 ilikwenda mbali zaidi: kwa watu waliotoka katika utumwa na ukoloni, kila hatua inayowapa uwezo zaidi wa kuamua mambo yao ni hatua ya maendeleo, hata kama haiwaongezei chakula wala afya.

Sidhani kama waandishi wa Mwongozo walitarajia usomwe kwa uzito ule. Viwandani wafanyakazi waliusoma kwa sauti mbele ya mameneja. Mlimani wanafunzi waliugeuza kuwa kipimo cha utawala wao wenyewe. Rais wa serikali yao, DUSO, wakati huo alikuwa Symonds Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya. Wanafunzi waliulalamikia uongozi kwa kuamua mambo bila wao na kuendesha chuo kwa maagizo ya ofisini, wakauandikia barua ya wazi, kwa lugha kali, wakisimama juu ya ibara zilezile ambazo chama tawala kilikuwa kimezitangaza miezi mitano tu iliyopita. Julai 9, 1971, Kikosi cha Kutuliza Ghasia kiliingia Mlimani. Akivaga alikamatwa kwa mtutu wa bunduki, akaondolewa chuoni na kurudishwa Kenya.

Kilichofuata ndicho ambacho kwa maoni yangu hakijapewa uzito wake katika historia ya nchi hii. Wanafunzi walisusia masomo. Hilo lilitarajiwa. Lakini wahadhiri wengi nao walikutana, wakazungumza kama jumuiya, na wakawaunga mkono, wakisema tatizo halikuwa ukorofi wa kijana mmoja, lilikuwa ni namna chuo kinavyotawaliwa. Kwa mara ya kwanza wafundishaji na wafundishwaji wa chuo kikuu cha Tanzania walikuwa na hoja moja: waliotakiwa kuishi na maamuzi walitaka wawe na fungu katika kuyafanya. Uongozi ulilazimika kuutazama upya muundo wa kamati, na uwakilishi wa wanafunzi na wa wahadhiri wa ngazi za chini ukapanuliwa, kuanzia idara na vitivo hadi vyombo vya juu. Akivaga mwenyewe alikuja kuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kwa hiyo viti vile ambavyo wawakilishi wa wanafunzi wanavikalia leo, wengine wakiviona kama marupurupu ya uongozi, vina gharama nyuma yake. Havikutokana na semina ya utawala bora.

Msomaji wa Tanga hana haja ya kwenda Mlimani kujifunza tofauti ya kushiriki na kushirikishwa. Ilishafundishwa hapa, katika mashamba ya mkonge, zaidi ya muongo mmoja kabla ya sakata la Akivaga. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wafanyakazi wa mkonge walipoanza kujenga chama chao, waajiri walikuja na mabaraza ya mashauriano. Kila shamba lingekuwa na wajumbe wa wafanyakazi, wangeketi na meneja, wangezungumza nyumba, posho, maji na ukubwa wa kazi ya siku. Kwa mtazamaji wa mbali ilikuwa hatua nzuri, na baadhi ya waajiri waliiamini kwa dhati. Chama hakikuiamini. Kiliona kwamba mjumbe aliyechaguliwa peke yake ndani ya shamba, asiye na chama nyuma yake, anayetegemea shamba hilohilo kwa kazi na kwa nyumba, hawezi kusema hapana. Mgomo mrefu wa Mazinde wa mwaka 1958, katika bonde lile linaloambaa chini ya milima ya Usambara, ulikuwa sehemu ya ugomvi huo. Wafanyakazi hawakukataa kuketi na mwajiri. Walitaka kuketi naye wakiwa chama.

Uhuru ulipokuja, ugomvi huo haukwisha. Ulibadilisha upande wa pili wa meza. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ambaye wakati huo alikuwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali, pamoja na mwenzake Sheha Amiri. Mwaka uliofuata shirikisho lilivunjwa na NUTA ikaundwa. Halafu, mwaka 1970, Waraka wa Rais Namba 1 ukaanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, yakiwemo mashamba ya mkonge yaliyokuwa yametaifishwa. Mabaraza hayo yalikuwa ya ushauri. Meneja alikuwa mwenyekiti. Yalipokea taarifa, yakatoa maoni, na bodi ikaamua. Mtu aliyekuwa kijana mkatamkonge Korogwe mwaka 1958 angeweza kuyatambua mara moja.

Ninaposoma historia ya vyuo vyetu ninaona mambo mawili ya mkonge yakijirudia. La kwanza ni swali la mjumbe: je, nyuma yake kuna chombo huru kinachoweza kumtuma, kumwuliza na kumwondoa? La pili ni swali la uzito: je, kikao anachoketi kinaamua, au kinashauri tu?

Swali la kwanza lilijibiwa kwa nguvu mwaka 1978. Tayari Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limebadilisha sura ya wanafunzi kwa kuwataka wapitie kazini kwanza na kupata pendekezo la chama kabla ya kuingia chuoni. Wengi walidhani watu wazima wa namna hiyo wangekuwa watulivu. Machi 5, 1978, waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Karibu 350 walifukuzwa, wakiwemo wa vyuo vya Ardhi na Maji, ingawa wengi walirudishwa baadaye. Kilichodumu kuliko adhabu hiyo ni uamuzi mwingine: DUSO ilipigwa marufuku, na mahali pake pakaletwa MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyowekwa chini ya umoja wa vijana wa CCM. Viti katika kamati vilibaki. Uwakilishi ulikuwepo kwenye karatasi. Lakini mwakilishi alikuwa sasa anatoka katika chombo ambacho wenye chombo hawakukibuni. Ni baraza la shamba la mkonge lililovaa joho.

Katika hali hiyo wahadhiri ndio waliobeba mzigo. Jumuiya yao ya Mlimani, UDASA, ilikuwa katika miaka ya 1980 moja ya mahali pachache ambapo mambo ya nchi yalijadiliwa hadharani bila kuomba ruhusa. Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo mbalimbali vya elimu ya juu vilikutana na kupitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Ninaupenda mpangilio wake, kwa sababu haukuishia katika kudai uhuru dhidi ya serikali. Ulidai pia kwamba taasisi zenyewe zijiendeshe kwa njia ya kidemokrasia, wanajumuiya wake wote wakishiriki. Walioandika walijua kwamba chuo kinaweza kuwa huru kabisa mbele ya wizara na bado kikawa ufalme mdogo ndani ya uzio wake. Novemba mwaka huohuo Azimio la Kampala lilichukua hoja kama hizo kwa ajili ya Afrika nzima.

Kati ya maazimio hayo mawili, Mlimani palifungwa. Wanafunzi walikuwa wamesusia masomo wakidai hali ya chuo ishughulikiwe, na serikali ilikifunga tarehe 12 Mei 1990. Kilifunguliwa tena Januari 1991, baada ya tume ya Jaji Mroso kuchunguza mgogoro. Wakati nchi ikielekea vyama vingi, wanafunzi walipata tena chombo chao wenyewe, DARUSO.

Tangu hapo shinikizo limehamia kwenye fedha. Sera ya kuchangia gharama ilimfanya mwanafunzi awe mlipaji, na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005 kwa sheria ya mwaka uliotangulia, ikamfanya awe mdaiwa. Migomo ya Novemba 2008 katika vyuo vya umma ilihusu mikopo. Ni haki kabisa kudai mkopo uje kwa wakati, maana mwenye njaa hasomi. Lakini angalia kilichopotea: mwaka 1971 wanafunzi waliuliza nani anaamua, mwaka 2008 waliuliza fedha iko wapi. Upande wa wahadhiri mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mikutano ya jumuiya zetu hujaa pale ajenda inapokuwa malimbikizo ya mishahara, na hukosa akidi inapokuwa mtaala.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu na kuweka mfumo mmoja kwa vyuo vyote, vya umma na vya binafsi: Baraza, Seneti, vitivo, na jumuiya ya wanafunzi inayotambuliwa kisheria. Kwa upande wa haki ya kuwepo, hapo tulipiga hatua. Serikali ya wanafunzi si hisani ya mkuu wa chuo tena. Mfanyakazi naye ana chama cha wafanyakazi na ana baraza la wafanyakazi. Kwa upande wa uzito wa kura, mambo ni mengine. Katika chuo cha umma mamlaka bado yanateremka kutoka juu: Rais humteua Mkuu wa Chuo na Mwenyekiti wa Baraza, na uteuzi unaendelea kushuka kuelekea ngazi za chini. Wanaochaguliwa na wenzao ni wachache miongoni mwa walioteuliwa.

Wapo wanaosema utawala wa pamoja ni ndoto ya miaka ya sabini, haufai kwa chuo cha kisasa. Historia ya dunia haiwasaidii. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya vilikuwa vyama kabla ya kuwa taasisi. Kule Bologna chama kilikuwa cha wanafunzi, nao ndio waliowaajiri walimu na kuwatoza faini wanapochelewa. Kule Paris chama kilikuwa cha walimu. Argentina, mwaka 1918, wanafunzi wa Córdoba waligoma dhidi ya chuo kilichoshikwa na koo chache na viongozi wa kanisa, wakapata nafasi katika uendeshaji wake, na mfumo huo wa kutawala pamoja ukaenea Amerika ya Kusini na ungali hai. Ujerumani, sheria ya jimbo la Lower Saxony iliyogawa viti kati ya maprofesa, wahadhiri wasaidizi, wanafunzi na watumishi ilifikishwa katika Mahakama ya Katiba. Hukumu ya Mei 29, 1973 haikuyafukuza makundi hayo. Ilisema yanaweza kuwemo, ila maprofesa wawe na angalau nusu ya kura katika mambo ya ufundishaji, na sauti ya kuamua katika utafiti na uajiri wa maprofesa.

Hukumu hiyo naiona ya busara kuliko misimamo miwili inayogongana hapa kwetu. Uko msimamo kwamba mwanafunzi ni mpita njia wa miaka mitatu, asiyejua anachohitaji, kwa hiyo asikilizwe kwa adabu kisha aendelee na masomo. Na uko msimamo, hasa wakati wa kampeni za serikali za wanafunzi, kwamba kila jambo liwe la kura sawa. Mimi siko tayari kuona alama za mtihani zikipigiwa kura na wanaotahiniwa, wala uteuzi wa profesa ukiamuliwa kwa umaarufu wake darasani. Lakini ada, mabweni, ratiba, zahanati, usafiri, kanuni za nidhamu na tathmini ya ufundishaji ni mambo ambayo mwanafunzi anayajua kuliko mjumbe wa Baraza anayefika chuoni mara chache kwa mwaka. Kuhusu upita njia, mwanafunzi anakaa chuoni miaka mitatu au minne; wajumbe wa nje huteuliwa kwa vipindi visivyozidi sana hapo, na hakuna anayewaita wapita njia.

Aliyewahi kuketi katika kamati zetu anajua pia jinsi uwakilishi unavyoweza kuuawa bila kugusa kanuni. Makabrasha yenye kurasa mia mbili yanamfikia mwakilishi wa wanafunzi mlangoni, asubuhi ya kikao. Ajenda yake inawekwa mwisho, chini ya mengineyo, saa ambayo wajumbe wanatazama saa zao. Anaambiwa mjadala ni wa siri, hivyo hawezi kurudi kwa wenzake kuwaeleza alichosema wala alichojibiwa. Wiki inayofuata wenzake wanamwona amenunuliwa. Nimemwona kijana hodari, aliyeingia muhula wa kwanza na hoja zilizoandikwa vizuri, akimaliza mwaka akiwa anasaini tu karatasi ya mahudhurio na posho. Mhadhiri msaidizi anayengoja kupandishwa cheo na walewale anaoketi nao hana tofauti kubwa naye.

Turudi Mkinga. Kampasi iliyo mbali na makao makuu ina tatizo lake maalumu. Makao makuu ya Mzumbe yako Morogoro, na huko ndiko vilipo vyombo vya juu. Katika mpangilio wa kawaida wa kampasi za nje, mwanafunzi wa Gombero atakuwa na mwakilishi aliyechaguliwa kwa kura za wanafunzi wengi zaidi wa Morogoro, mtu ambaye huenda hajawahi kuifuata barabara ya Horohoro. Mhadhiri wa Gombero atapelekewa uamuzi kwa barua pepe. Nao watumishi wa ngazi za chini, ambao kwa sehemu kubwa watatoka vijiji vya jirani, watakuwa kama wale wasaidizi wa Kiafrika wa Amani enzi za Wajerumani na Waingereza: kazi ya sayansi ilisimama juu ya mikono yao na macho yao, na maamuzi yalifanyika bila wao.

Kanuni za uendeshaji wa kampasi huandikwa mapema, mara nyingi kabla wanafunzi hawajawa wengi wa kutosha kuwa na sauti. Zikishazoeleka, kuzibadilisha ni kazi ya miaka. Kwa hiyo yapo mambo mahususi ya kuulizwa sasa, na madiwani, wabunge na watumishi wa mkoa wana haki ya kuyauliza sawa na wanataaluma. Je, kampasi itakuwa na bodi yake yenye mamlaka ya kuamua juu ya bajeti yake, au kamati ya kushauri tu? Je, wanafunzi wa kampasi watachagua mjumbe wao wenyewe wa kwenda Baraza na Seneti? Mkuu wa kitivo atachaguliwa na wenzake, au atateuliwa? Je, wafanyakazi waendeshaji, walinzi na wapishi wakiwemo hata kama wameajiriwa na kampuni ya nje, watakuwa na kiti? Makabrasha yatatolewa siku ngapi kabla ya kikao, na mjumbe ataruhusiwa kurudisha taarifa kwa waliomtuma?

Hilo la mwisho ndilo ningelianza nalo, kwa kuwa halihitaji sheria mpya wala fedha. Linahitaji mstari mmoja katika kanuni za vikao: makabrasha yatolewe siku saba kabla, na muhtasari wa maamuzi yasiyohusu siri za watu au mitihani ubandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, ndani ya wiki mbili, pale kwenye mbao za matangazo ambapo mwanafunzi, mhadhiri na mlinzi wa zamu ya usiku wote wanapita.